Matendo 27, kwa sisi tuliovuka na kusi

Swali lenu la wiki hii liliuliza ni sura gani ya Biblia inayomfariji msomaji wakati wa hofu. Nitaeleza ile ambayo kwa miaka mingi nimekataa kuiita faraja, yaani Matendo ya Mitume 27, kwa sababu wahubiri wengi huikimbilia ahadi ya malaika, kwamba hakuna atakayepoteza uhai, na kuiruka bahari yenyewe.

Paulo, mfungwa anayepelekwa Roma, anaonya wasiondoke Bandari Nzuri huko Krete, kwa kuwa majira ya kusafiri yamepita, lakini akida Yulio anawasadiki nahodha na mwenye merikebu. Tufani inawachukua, shehena inatupwa, na usiku wa 14 mabaharia wanatupa bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina: pima 20, kisha pima 15.

Hapo kwenye pima ndipo ninaposimama kila mara. Nilikuwa na miaka 11 tulipovuka na bibi kutoka Msanga Mkuu kuja Mtwara mjini, kusi, yaani upepo wa kusini, imekaza. Nahodha alikwisha kusema tungoje, ila mwenye nazi alishikilia kwamba mzigo wake unasubiriwa. Katikati ya ghuba tanga likachanika. Nazi zikatupwa, kwanza moja moja, halafu kwa magunia, na mwenyewe akizitazama zikielea, hasemi neno. Mzee nahodha akashusha chubwi, uzito wa kupimia kina, akawa anaipima kamba kwa mikono miwili iliyonyooshwa, akitamka "nne", kisha "tatu", kwa sauti yake ya siku zote. Kijana mmoja akavua shati aruke. "Kaa, mwanangu, uchote maji," mzee akamwambia. Nanga iliposhika, bibi alifungua kanga, akatoa mihogo ya kuchemsha iliyokwisha kulowa maji ya chumvi, akaigawa akianzia kwa mwenye nazi.

Nilianza barua hii nikikusudia kusema kwamba sura hii ni onyo tu kwa wasiosikia. Bado ni onyo, ingawa Paulo naye alihofia maisha yatapotea, na wote 276 wakafika nchi kavu, wengine juu ya vipande vya merikebu. Hata hivyo nakiri kwamba ninapoogopa huitafuta aya ya 35, pale anapotwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote na kuanza kula. Basi ihesabuni kuwa faraja, ila msiiseme upesi mbele ya mtu kama yule mwenye nazi, aliyeupokea muhogo kwa mikono miwili, akaula huku machozi yakimtoka.