Majoka Mawili na Mnara Unaowaka: Maswali Kuhusu Nembo ya Chuo Kikuu cha Aberystwyth

Alama zilizomo katika nembo ya chuo hiki cha Welisi zina maana gani?

Ngaoni mna majoka mawili mekundu, ambayo ni alama ya nchi ya Welisi, pamoja na kitabu kilichofunuliwa, ambacho ni alama ya elimu. Hayo yanatarajiwa katika nembo ya chuo chochote cha huko. Kinachovutia zaidi kiko juu ya ngao, nacho ni mnara unaowaka moto na ndege aliye juu yake, ambaye baadhi humwona kuwa tai na wengine finiksi, yaani yule ndege wa hekaya anayeungua kisha akazaliwa upya majivuni.

Je, mnara huo una uhusiano na moto uliowahi kukiunguza chuo?

Huenda ndivyo, kwa kuwa nembo ilipatikana katika muongo uleule wa 1880 ambao moto ulitokea, na mimi naegemea upande wa finiksi. Mwezi wa Julai 1885 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo, wakati ambapo chuo kilikuwa tayari mashakani. Kamati iliyoongozwa na Lord Aberdare ilikuwa imependekeza mwaka 1881 kuwe na chuo kimoja kusini mwa Welisi na kingine kaskazini. Cardiff ikapata chake mwaka 1883 na Bangor mwaka 1884, na Aberystwyth, iliyoko katikati ya pwani ya magharibi, ikawa haina nafasi ya wazi katika mpango huo. Chuo kilichoungua katika hali hiyo kingeweza kufungwa bila wakubwa kusikitika sana, lakini jengo lilikarabatiwa na masomo yakaendelea.

Ni kweli kwamba chuo kilianzia hotelini?

Ni kweli. Thomas Savin, mkandarasi wa reli, aliijenga hoteli hiyo kando ya bahari akitarajia watalii wangefika kwa treni, lakini akafilisika kabla ya kuikamilisha. Waasisi walilinunua jengo kwa pauni 10,000, na mwezi wa Oktoba 1872 chuo kikafunguliwa kikiwa na wanafunzi 26, chini ya mkuu wake wa kwanza, Thomas Charles Edwards.

Nani alikigharamia, ikiwa serikali ilikuwa bado haijatoa ruzuku?

Walikuwapo matajiri, hasa David Davies wa Llandinam, aliyepata mali kutokana na reli na makaa ya mawe. Hata hivyo, Hugh Owen, mtumishi wa serikali jijini London aliyeipigania kazi hii kwa miaka mingi, aliwageukia pia watu wa kawaida, na kuanzia mwaka 1875 makanisa yalitenga Jumapili moja ya Oktoba kwa ajili ya kukichangia chuo, ambapo waumini walitoa senti walizoweza. Kwa maoni yangu, sadaka hizo zilistahili alama yake katika ngao kuliko joka la pili.

Kaulimbiu yake inasemaje?

“Nid Byd, Byd Heb Wybodaeth”: dunia isiyo na elimu si dunia.

Nembo hii ndiyo pia ya Chuo Kikuu cha Welisi?

Hapana. Chuo Kikuu cha Welisi kiliundwa mwaka 1893 kwa kuviunganisha vyuo vya Aberystwyth, Bangor na Cardiff, nacho kilikuwa na kaulimbiu yake, “Goreu Awen Gwirionedd”, inayoutaja ukweli kuwa msukumo bora kuliko wote. Jina la Chuo Kikuu cha Aberystwyth lilianza kutumika rasmi mwaka 2007.