Maswali ya wasomaji: Tanki moja, kiangazi kizima?

SWALI: Jambo kwenu wa gazeti. Tuko watu 6 mu nyumba, hapa Ndosho. Kila siku mutoto anaenda kutafuta maji na bidoni, ao tunanunua kwa watu wa chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kusukuma), na kiangazi bei inapanda vile wanataka. Bwana yangu anasema tununue tanki ya lita 1000 tukinge maji ya manjanja (mabati ya nyumba). Dada yangu anakataa, eti mvua ya Goma iko na sumu ya volkano. Nani iko na haki?
Mama wa Ndosho

JIBU: Mama, wote wawili wako na haki, kila mutu nusu yake.

Tuanze na hesabu juu hapo njo watu wengi wanajidanganya. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 inakupa lita 1, basi. Manjanja yenu ikiwa mita mraba 40 na mvua ikipiga milimita 10, ni lita 400, toa ile inarukaruka inje na ile inavuja kwa mufereji wa manjanja, sema mubaki na 320. Mvua ine za namna hiyo tanki imejaa, kwa hiyo kujaza si kazi. Kazi ni Juni mpaka Agosti wakati mbingu inafunga. Watu 6, kila mutu bidoni yake moja ya lita 20, ni lita 120 kwa siku, ile tanki yenu inaisha siku ya 9 na mutoto anarudi barabarani na bidoni yake. Lakini mukikubaliana kwamba tanki ni ya kunywa na kupika tu, lita 5 kwa mutu, munatumia lita 30 kwa siku na munapita mwezi muzima. Kufua na kuosha muendelee na maji ya ziwa.

Sasa dada yako. Moshi wa Nyiragongo unabeba salfa na fluori, mvua ikipita mule inashuka nayo mpaka kwa manjanja, zaidi upande wa magharibi wa volkano ambako upepo unasukuma moshi mara nyingi, na nyinyi wa Ndosho hamuko mbali na hiyo njia. Fluori nyingi njo inaachia watoto yale madoa ya kahawia kwa meno. OMS, shirika la afya duniani, inasema isipite miligramu 1.5 kwa lita. Na hapa nawaomba musikilize vizuri: kuchemsha kunaua kolera, fluori hakuitoi hata kidogo, tena maji ikipungua mu sufuria fluori inabaki ileile, kwa hiyo inazidi ukali. Klori nayo haifanyi kitu juu yake. (Kule Arusha, Tanzania, wako na shida hiyohiyo ya fluori, wanachuja na mkaa wa mifupa, lakini hiyo si kitu ya kujitengenezea jikoni.)

Basi nunueni tanki, ila kabla ya kunywa pelekeni chupa moja ya ile maji kwa laboratware wapime fluori. Ikitoka mubaya munageuza kanuni: tanki inakuwa ya kufua na kuosha, ya kunywa inatoka kwa robine yenye klori. Hata hivyo mutoto atapunguza safari, na hiyo peke yake inanitosha kusema ndiyo kwa bwana yako.

Kisha vitu vidogovidogo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi yote iende inje, inaosha vumbi, majivu na mavi ya ndege. Zile zinafuata mumwange bidoni 2 za mwanzo. Tanki iwe nyeusi, mudomo ufunikwe na wavu juu ya mbu. Na ikijaa ni tani nzima, makoro (yale mawe ya volkano) haiko sawasawa, mutengeneze kwanza kitanda ya simenti.

SWALI: Mbona munatuambia mambo ya manjanja kila siku? Shemeji alinionyesha video, Maroko wanakamata ukungu na nyavu wanapata maji. Ao tuchimbe kisima, mimi nilikwisha anza shimo nyuma ya nyumba.
Papa wa Mugunga

JIBU: Papa, video ni ya kweli, iko Maroko, mulima Boutmezguida, lakini kule ukungu unapita juu ya mulima kavu. Wewe uko chini karibu na ziwa, wavu wako utakamata vumbi.

Kisima mimi naogopa. Mvua ikinyesha juu ya makoro inapenya kama kwa kichungi, unaweza kuchimba siku nyingi na hukuti kitu. Na kuko mazuku, hewa ya sumu inayotoka mu ardhi ya volkano. Ile hewa ni nzito, haina harufu, inalala mu mashimo, zaidi asubuhi wakati upepo haujaanza, mutu anashuka na hapandi tena, na yule anamufuata kumusaidia anabakia naye. Mugunga munaijua kuliko mimi. Acha kuchimba, tanki iwekwe juu ya ardhi, na ile shimo uijaze mawe leo mbele watoto hawajaanza kuchezea ndani.