Usinunue kompresa bado

Pole kaka. Umesema AC ya Land Cruiser yako ya zamani inazima na kuwaka ukigusa swichi, feni inapuliza namba ya juu tu, na fundi hapo Arusha anataka ubadilishe kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC. Mwambie asubiri.

Feni kubaki na spidi moja kwa kawaida ni rezista (kifaa kidogo kinachopunguza umeme wa feni ili ipulize polepole) imeungua, kwa sababu namba ya juu haipitii huko. Hiyo ni kazi ndogo.

Kinachonitia wasiwasi ni swichi. Chomoa plagi yake nyuma ya dashibodi uangalie pini. Yangu ilijaa vumbi la safari za porini, pini moja imekuwa kahawia, plastiki imeanza kuyeyuka. Ukiona hivyo, usibadilishe swichi peke yake, badilisha plagi pia.

Kisha washa injini na AC, usikilize klachi ya kompresa, inayoiunganisha na mkanda wa injini: lazima igonge “ta!” Ikiwa kimya, weka taa ya kupimia kwenye waya wake. Umeme ukifika na isishike, shuku klachi. Usipofika, angalia fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na swichi ya presha, inayopima presha ya gesi. Tafadhali usikubali swichi ya presha irukwe kwa kuunganisha waya zake moja kwa moja. Gesi ikipungua, swichi hiyo ndiyo inayoinusuru kompresa.