Volti 0.02 tu, na kompyuta inatulia?

Swali: Prosesa yangu nimeipandisha hadi gigahezi 5 kwa volti 1.25. Programu ya majaribio inaibana saa nzima bila tatizo, lakini nikicheza gemu kompyuta inagoma ghafla. Nikiweka 1.27 inatulia. Inakuwaje kiasi kidogo hivyo kilete tofauti? LLC (load-line calibration, mpangilio unaofidia volti inaposhuka prosesa ikibeba mzigo) iko ngazi ya juu kabisa.

Jibu: Hiyo LLC ndiyo ninayoishuku.

Kwa gigahezi 5, mzunguko mmoja ni nanosekunde 0.2. Ndani ya muda huo ishara iwe imeshapita transista zote za njia yake. Volti ikipungua, transista hubadili hali polepole zaidi. Prosesa iliyosukumwa hadi ukingoni haina akiba ya muda, hivyo ishara ikichelewa kidogo tu, hesabu inakosewa, na gemu linajifunga au skrini inageuka bluu.

Sasa, ile 1.25 uliyoiweka kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) siyo inayozifikia transista. Mkondo ukipanda, volti hushuka: ukinzani wa miliomu 1 ukipitishiwa ampea 100 unakula volti 0.1 nzima, mara tano ya hizo ulizoongeza. LLC hufidia mshuko huo wa kudumu. Lakini ikiwekwa juu kabisa, volti huyumba zaidi kila mzigo unaporuka ghafla. Myumbo huo ni wa mikrosekunde chache, kwa hiyo programu ya kusoma volti haiuoni. Jaribio lako linabeba mzigo ule ule muda wote. Gemu linapumzika na kukurupuka, tena na tena.

Rudisha LLC ngazi ya kati, kisha panda kwa hatua za volti 0.01. Volti itashuka chini ya mzigo. Iache ishuke, ndivyo inavyotakiwa.

Usipande ovyo, maana umeme unaotumika hufuata kipeo cha pili cha volti: kutoka 1.25 hadi 1.27 ni kama asilimia 3, hadi 1.35 ni kama 17, kabla ya kuhesabu uvujaji wa mkondo kwenye transista, unaoongezeka kadiri joto linavyopanda. Kama hata 1.28 haitoshi, mimi ningeshusha megahezi 100. Kwenye gemu hutaiona tofauti (wanaoiona ni wanaopiga picha za matokeo ya majaribio ya kasi).

Halafu kagua kumbukumbu za matukio za Windows. Ukikuta makosa yaliyosahihishwa ya WHEA-Logger (sehemu ya Windows inayorekodi makosa ya vifaa), prosesa bado inakosea na kujirekebisha kimyakimya, hata kama hakuna kilichogoma. Ongeza hatua moja.