Maswali Yenu: Mimi hukatwa SHA kila mwezi, mbona mama hayuko kwa bima?

Wiki hizi meseji zenu zimekuwa karibu zote za wazazi na SHA, ile bima ya afya ya serikali, kutoka Naivasha mpaka Kakamega, kwa hivyo leo nimeweka mengine yote kando. Nimechagua manne, yale yanayofanana na ya wengine wengi.

SWALI: Nafanya kazi kwa maua hapa Naivasha na kila mwisho wa mwezi nakatwa pesa ya SHA kwa mshahara. Mama yangu yuko Njoro, ana miaka 72, ako na presha na sukari. Juzi nimempeleka hospitali nikatoa kitambulisho changu, wakaangalia kwa kompyuta wakasema hayuko. Si mimi nalipa? Kwani mama si familia?
*Binti wa Njoro*

JIBU: Pole sana dadangu, na hasira yako naielewa kabisa, kwa sababu kwetu ukisema familia mama ndiye wa kwanza kutajwa. Lakini bima hii haihesabu hivyo. Ile asilimia 2.75 unayokatwa inakulinda wewe, mume wako kama unaye, na watoto wako. Mzazi haingii. Mama anahesabiwa kama nyumba nyingine peke yake, anatakiwa ajiandikishe kwa kitambulisho chake na alipiwe kivyake, hata kama pesa yote inatoka mfukoni mwako.

Kumwandikisha si kazi, unabonyeza *147# unafuata maagizo, ama uite mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chao aje mpaka nyumbani. Ni bure. Ila kuna kitu kimoja watoto tunakosea sana: tunaandika namba zetu za simu badala ya za wazazi. Sasa mama yuko dirishani Njoro, ikitumwa namba ya kuthibitisha kwamba ni yeye, inaingia kwa simu yako ukiwa ndani ya grinihausi na simu umeiacha kwa begi, anarudishwa nyumbani na miguu imevimba. Kama ana kasimu kake, hata kale ka mulika mwizi, weka namba yake.

Ukishamaliza hapo kuna maswali ya kupima uwezo wa nyumba: ukuta ni wa nini, paa, sakafu, maji mnateka wapi, mnapikia nini, kuna mifugo. Jibu ukweli wa pale mama anapolala, si wa nyumba yako ya kupanga Naivasha. Najua wengi mmewajengea wazazi nyumba ya mawe na sasa kiwango kinatoka juu na mama mwenyewe hana hata shilingi, na hilo mimi naliona si haki, nyumba haiingizi pesa. Kama kiwango kimekuja cha kushangaza, usikate tamaa ukaacha, nenda ofisi ya SHA uwaombe wapitie tena.

Chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hapa ndipo watu hushikwa: asiye na mshahara halipi mwezi kwa mwezi kama ile NHIF, bima ya serikali ya zamani, analipa mwaka mzima mbele, yaani 3,600 kwenda juu. Paybill ni 200222 na akaunti ni namba ya kitambulisho cha mama, si chako, tafadhali hakikisha hapo mara mbili kabla ya kuweka pin. Kama hamwezi kutoa zote mara moja kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa pesa ya mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo.

Na hata kabla hajalipiwa, akishaandikishwa tu anaweza kwenda dispensari ama kituo cha afya, levo 2 na 3, akatibiwa bila kulipa, hizo zinalipwa na mfuko mwingine wa serikali. Kwa mtu wa presha na sukari hiyo ni kubwa. Akihitaji kulazwa levo 4 kwenda juu ndio sasa lazima ule mwaka uwe umelipwa.

Niwaambie kilichotupata sisi. Shangazi yangu tulimwandikisha vizuri, meseji ikaja kwamba amesajiliwa, sisi wote kumi na mbili wa ile grupu ya familia tukatuma makofi tukajua tumemaliza. Hakuna aliyelipa. Akaanguka akivuka mtaro, nyonga ikavunjika, tukafika hospitali usiku ndio tunaambiwa jina liko lakini bima haijalipwa. Tulichanga usiku huo mpaka alfajiri, huyu mia tano, yule elfu, mwingine anaomba apewe mpaka Ijumaa, na shangazi amelala pale kwa machela anatuomba msamaha eti anatusumbua. Yeye ndiye aliyetulea. Hilo neno lake bado linaniuma. Kwa hivyo dadangu, kujiandikisha ni kitu kimoja na kulipa ni kingine, angalia yote mawili leo.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71 huku Ahero. Napata ile pesa ya wazee ya Inua Jamii. Watu wa baraza wananiambia ukipata hiyo, bima serikali inakulipia. Mwingine ananiambia nimpe elfu moja aniweke kwa listi. Ukweli ni gani?
*Mzee wa Ahero*

JIBU: Mzee wangu, usimpe huyo mtu hata shilingi kumi. Kujiandikisha SHA ni bure na hakuna listi ya kununua.

Inua Jamii ni jambo lingine na bima ni jambo lingine. Ile 2,000 ya kila mwezi unapewa kwa sababu umepita miaka 70. Kwa bima, sheria inasema serikali italipia nyumba ambazo haziwezi kujilipia, lakini kujua hawawezi ni kwa kupitia yale maswali ya kupima uwezo, si kwa kuangalia mwaka wa kuzaliwa. Kuna mzee wa miaka 80 mwenye maploti Kondele na kuna wa 66 anayelala njaa. Kwa hivyo hatua ya kwanza, andikishwa. Ya pili, jibu maswali yote mpaka mwisho, maana wazee wengi wameandikishwa nusu, jina liko lakini maswali hayakuulizwa, na hapo hakuna mtu atajua kama unastahili kusaidiwa. Kisha muulize mhudumu wa afya wa jamii na chifu kama jina lako limo kwa wanaolipiwa. Usisubiri habari za baraza, mwambie mjukuu akubonyezee *147# uone mwenyewe kama umelipiwa ama la.

SWALI: Nilikuwa karani Nakuru, nimestaafu nikiwa na miaka 60. Nilikuwa nakatwa kwa mshahara. Bima inaendelea yenyewe?
*Mstaafu, Bahati*

JIBU: Hapana, haiendelei yenyewe. Mshahara ukikoma makato yanakoma, na hakuna mtu atakupigia simu kukukumbusha. Sasa unaingia kwa kundi la wasio na mshahara: yale maswali ya uwezo, kisha malipo ya mwaka mzima. Fanya hivyo kabla pesa ya kustaafu haijaingia kwa kuku na ploti. Na ile kadi yako ya NHIF usiitegemee tena, SHA ilichukua nafasi yake Oktoba 1, 2024. Uzuri ni kwamba hapa hakuna atakayekuambia umezeeka sana kujiunga, tofauti na bima nyingi za kibinafsi.

SWALI: Dada yetu mkubwa ni nesi Marekani, amefanya kazi huko zaidi ya miaka 20. Oktoba anafikisha 65 na anataka kurudi nyumbani Kakamega kabisa. Anasema ana bima ya wazee ya serikali ya huko. Itamsaidia huku?
*Ndugu, Kakamega*

JIBU: Hongera kwa dada, na mwambie asipande ndege kabla hajakaa chini na hii hesabu.

Hiyo bima inaitwa Medicare na kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Akilazwa Kakamega ama Kisumu, haitatoa hata senti. Pia huingii siku yoyote unayotaka. Dirisha la kwanza ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada. Yeye wa Oktoba, lake linafunguliwa Julai na kufungwa mwisho wa Januari.

Sehemu A, ya kulazwa hospitali, mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi yake miaka 10 ama zaidi kama yeye hailipii, kwa hivyo aichukue. Shida ni Sehemu B, ya madaktari na kliniki, hiyo inalipiwa kila mwezi, mwaka 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa dola 185. Akiiacha kwa sababu anakuja kuishi huku, halafu baada ya miaka 3 arudi kwa watoto na aitake, ataongezewa asilimia 10 kwa kila mwaka mzima aliochelewa, yaani 30, na nyongeza hiyo atailipa kwa muda wote atakaokuwa na Sehemu B. Kwa kiwango cha 2025 ni kama dola 55 zaidi kila mwezi. Tena atangoja dirisha la Januari mpaka Machi. Anayeruhusiwa kuchelewa bila faini ni yule ambaye bado yuko kazini, yeye ama mume wake, na ana bima ya mwajiri.

Kwa hivyo swali la kumuuliza dada ni moja: anarudi kabisa, ama atakuwa anaenda na kurudi kuona wajukuu? Kama ni kabisa, kulipa Sehemu B kila mwezi bila kuitumia ni mzigo. Kama ni kwenda na kurudi, ningemshauri ashikilie.

Halafu huku nyumbani aandikishwe SHA kama mtu mwingine yeyote. Kama bado ana kitambulisho cha Kenya ni rahisi. Kama alichukua uraia wa huko akaachana na wetu, sheria inamruhusu kujiandikisha akiishi hapa zaidi ya miezi 12, lakini asitegemee hilo peke yake, aanze kushughulikia uraia wake wa Kenya sasa hivi akiwa bado yuko huko, maana tangu katiba ya 2010 unaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili.