Shangazi, kazi yangu inaenda vizuri, kwa nini niache bangi?

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, niko kwa kampuni moja ya ushauri wa fedha hapo Upper Hill, sisi ndio wale wa kutafutia makampuni wanunuzi na kupanga mikopo mikubwa mikubwa. Kazi ni ya kufa mtu. Nikibahatika natoka saa tatu usiku, na hata nikishafika nyumbani bosi anatuma meseji saa tano, "hebu angalia ukurasa wa 14, hizo namba hazifanani na za jana", basi unafungua laptopu tena. Sasa Shangazi usinipige, mimi navuta bangi. Nilianza chuo mara moja moja, baadaye ikawa Ijumaa na maboyzi, lakini tangu dili moja kubwa ya mwaka jana imekuwa kila usiku, msokoto mmoja kwa balkoni, taulo chini ya mlango jirani asisikie harufu, na matone ya macho asubuhi kabla sijatoka. Nisipovuta silali, kichwa kinabaki kinapiga hesabu mpaka alfajiri. Lakini kazi sijaiharibu hata siku moja, mwaka huu nimepandishwa cheo na bonasi nikapata. Wenzangu wanakunywa wiski halafu wanaendesha gari na hakuna anayewasema. Mchumba wangu tu ndiye analalamika, ati nasahau vitu alivyoniambia juzi na wikendi nakuwa wa kukaa kochini. Sasa benki moja kubwa imeniita, mshahara karibu mara mbili, na nasikia wanapima mkojo kabla hujaingia. Nauliza, hii kitu ina ubaya gani kama kazi inaenda? Na nikiacha, inatoka mwilini baada ya siku ngapi?
Mchovu, Nairobi

Marahaba mpwa wangu. Sikupigi, ungekuwa unavuta Ijumaa na maboyzi wako pengine jibu langu lingekuwa fupi. Ila kuna sentensi umeichomeka katikati ya barua ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa, ile ya "nisipovuta silali". Hapo ndipo penye barua yako yote, hayo mengine ya cheo na bonasi ni ya kunifunga mdomo.

Mimi nimekaa benki miaka mingi kabla ya kuandika humu, mwisho wa mwezi nilikuwa naijua ilivyo, hesabu haziwiani, ripoti ya Benki Kuu ina saa yake na mkubwa amesimama nyuma ya kiti chako anapumua. Kila mtu alikuwa na kitu chake. Mmoja miraa, mwingine kahawa mpaka mikono inatetemeka, mwingine chupa kwa droo. Na si huku kwetu tu, 2021 vijana 13 wa mwaka wa kwanza pale Goldman Sachs, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, waliwaandikia wakubwa wao kwamba wanafanya kazi kama saa 95 kwa wiki na wanapata usingizi wa masaa matano tu kwa usiku, dunia nzima ikazisoma zile kurasa. Biashara hii inaendeshwa kwa usingizi wa vijana, huo ndio ukweli. Kwa hivyo wewe huvuti ili ustarehe mwanangu, unavuta ili kesho saa mbili asubuhi uwe umekaa kwa kile kiti tena. Huo msokoto umeshakuwa sehemu ya kazi, na wewe ndiye unaulipia kwa pesa yako.

Sasa nikueleze huo usingizi unaoununua. THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, inakulaza haraka kweli, lakini inapunguza ile sehemu ya usingizi ambayo mtu anaota sana, na ukiitumia kila usiku mwili unaizoea, kwa hivyo kile kidogo kilichokulaza mwaka jana mwaka huu hakitoshi. Halafu siku ukiamua kuacha, kati ya siku ya kwanza na ya tatu inaanza shughuli: hulali, unatoka jasho, chakula hakipiti, kila anayekusemesha unataka kumrukia, na ukilala kidogo zinakuja ndoto kali mpaka unaogopa. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, baada ya wiki mbili hivi mengi yanatulia ingawa usingizi wenyewe unaweza kuchukua muda kurudi sawa. Wengi wanashindwa usiku ule wa tatu, wanavuta, wanalala fofofo, wanaamka wakisema unaona, mimi bila hii siwezi. Kumbe lile halikuwa umbile lako, ni bangi yenyewe inatoka na kelele zake.

Kuhusu mchumba wako, mimi namwamini yeye kuliko bonasi yako, usinikasirikie. Bangi inagusa kumbukumbu ya vitu vya karibuni na uwezo wa kukaza akili. Lakini ofisini unalindwa, Excel inakukumbukia namba, kuna mtu anakagua kazi yako na mwingine anamkagua yeye, ukisahau kitu kinarudi na rangi nyekundu. Nyumbani hakuna anayekagua, akikuambia Jumatano kwamba mamake anaenda kliniki na Jumamosi unamuuliza mama yuko wapi, hilo kosa halirudi na rangi nyekundu, linakaa tu pale kifuani kwake. Ndiyo maana ameliona kabla ya bosi wako. Na hicho cheo ulichopewa, jiulize kinakupeleka wapi. Ukipanda wanaokukagua wanapungua, mwishowe ni wewe na sahihi yako chini ya karatasi.

Hapo kwa wiski nakubaliana na wewe nusu. Ni uonevu kweli kwamba mlevi anachekewa na wewe unajificha na taulo, ingawa kuendesha gari ukiwa umelewa nako ni kosa, wasikudanganye. Lakini sheria ndiyo hiyo. Ile ya dawa za kulevya ya 1994 ilirekebishwa 2022, ukikutwa na bangi kidogo ya matumizi yako mwenyewe ni kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000, zamani ilikuwa mpaka miaka kumi. Kwako faini si kitu, unaweza kuitoa kwa M-Pesa umesimama pale pale, cha kuumiza ni rekodi, kwa sababu benki zinataka cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na ukija kuwa mkubwa Benki Kuu huwachunguza wakurugenzi na maafisa wa juu kabla ya kuwaidhinisha. Wauzaji wanaokuletea mpaka getini kwa bodaboda hawakwambii haya.

Mkojo sasa. Anayevuta mara moja moja huwa anaonekana kama siku tatu hivi, anayevuta kila siku kama wewe inaweza kufika siku 30 na hata zaidi, kwa sababu mabaki yake yanakaa kwenye mafuta ya mwili na kutoka pole pole. Kipimo hakiulizi kama umelewa leo, kinauliza kama mwili umewahi kuipokea karibuni, kwa hivyo kusema "sijawahi kuvuta kazini" hakutakusaidia. Na zile dawa za kusafisha damu zinazouzwa mitandaoni, siki, ndimu, kunywa maji mpaka tumbo lijae, acha, mimi sikufundishi kudanganya kipimo. Kama tarehe iko karibu omba isogezwe au iache hiyo nafasi ipite, benki ziko nyingi.

Ningekuwa wewe ningechagua wiki ambayo si ya kufunga robo ya mwaka, nimwambie mchumba kabisa kwamba siku kumi hizi nitakuwa mtu wa kuudhi, niende kwa daktari nimwambie habari ya usingizi bila kuficha bangi, maana akikuandikia dawa za usingizi bila kujua utakuwa umebadilisha tu kitu cha kutegemea. NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, unaongea na mshauri, siyo polisi. Na kabla ya kusaini huko kwenye mshahara mara mbili waulize watu wa ile idara wanatoka saa ngapi. Usimuulize HR, waulize wale wa kiwango chako, na uwaulize nje ya ofisi.

*

Shangazi, mimi ni meneja wa tawi Mombasa. Kijana wangu mmoja wa mikopo akirudi chakula cha mchana ananuka bangi mpaka wateja wanashika pua. Ni mchapakazi sana. Nimfukuze au nimwache?
Meneja

Usimfukuze kwa pua. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 44, inaruhusu kumwachisha mtu kazi mara moja akilewa saa za kazi mpaka hawezi kuifanya ipasavyo, lakini harufu peke yake haijaonyesha kwamba ameshindwa kazi, na kifungu cha 41 kinataka kwanza umweleze sababu na umsikilize, akiwa na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Leo hii mtoe kwenye kuidhinisha mikopo ya mchana, hilo halingoji kikao. Halafu mwite umuulize, na uandike alichojibu.

*

Shikamoo Shangazi, mimi Mkenya niko New York, mchambuzi kwa mfuko mmoja wa uwekezaji, viza ni H-1B, ile ya kazi. Huku bangi inauzwa dukani na risiti unapewa, kazini hawapimi. Si niko salama?
Wa ng'ambo

Marahaba. Kwa jimbo uko salama, New York waliihalalisha mwezi wa tatu 2021, na mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kukupima au kukufukuza kwa ulichovuta nje ya saa za kazi. Lakini viza yako haikutolewa na New York. Imetolewa na serikali ya shirikisho, na kwa sheria yake kuvuta kwa starehe bado ni marufuku. Mwezi wa nne 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilieleza wazi kwamba bangi inaweza kukuangusha kwenye kipimo cha mwenendo mwema unapoomba uraia hata kama jimbo lako linairuhusu. Na kwa mgeni si lazima uwe umeshtakiwa, kukiri tu kwa mdomo wako mbele ya ofisa kunaweza kukufungia mlango. Kwa hivyo mwenzako Mmarekani na wewe mnaweza kutoka duka moja na mfuko mmoja, yeye akaenda kulala na wewe ukawa umebeba kesi. Uongo kwa ofisa usimwambie, huo nao ni kosa jingine kubwa. Tafuta wakili wa uhamiaji, mlipe saa moja, umweleze yote kabla hujakata tiketi ya kuja Krismasi.