Msimu wa kwanza unakimbia, wa pili unajikokota

Kaka, hao wenzako wa kibanda umiza pale Kirumba wanaosema tamthilia ya House of the Dragon msimu wa kwanza unakimbia, na wale wanaosema wa pili umelala, wote wana haki. Ule wa 2022 una sehemu 10 tu, na ndani yake mmebanwa miaka zaidi ya 20. Penye kuumiza ni sehemu ya 6: miaka 10 imeruka, binti mfalme Rhaenyra haigizwi tena na Milly Alcock bali Emma D'Arcy, na Malkia Alicent naye kabadilika mwigizaji. Mfalme Viserys, baba yake Rhaenyra, habadiliki mwigizaji, kwa hiyo mshikilie yeye. Angalia afya yake inavyozorota na utajua muda umekwenda kiasi gani. Halafu tazama mwanzo wa sehemu hiyo ya 6: Rhaenyra katoka kujifungua sasa hivi, anapanda ngazi damu ikimdondoka, kwa sababu malkia kaagiza aletewe mtoto. Ugomvi wa hao wawili wa miaka yote hiyo umo kwenye zile ngazi. Aliyechelewa kuingia, akaikosa, lazima atapotea. Kabla ya sehemu ya 8 wanaruka tena miaka 6.

Msimu wa 2024 una sehemu 8. Mazimwi wanapigana sehemu ya 4, kisha Daemon, mdogo wake Viserys, anabaki kwenye ngome ya Harrenhal na maruweruwe yake, na mwisho majeshi yanaondoka tu, vita hakuna. Hapo lawama naikubali kabisa.

Zitazameni 1 hadi 5 kwa mkao mmoja, pumzikeni, ndipo muianze ya 6.